Mwalimu naomba kuuliza: kila ofisi na mlango wake

Habarini wasomaji wa Arusha, Moshi na kote mnakotusoma. Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi mpaka zote sijaweza kuzijibu, na karibu zote zina kilio kimoja, mtu ana shida ya mwanae shuleni au chuoni ila hajui aende ofisi gani, kaenda halmashauri kaambiwa nenda Baraza, Baraza lipi sasa maana yako mawili, la elimu ya ufundi (NACTE) na la mitihani (NECTA), na bado kuna tume, mwisho nauli imeisha na shida iko palepale. Kwaiyo nimechagua zile ambazo jibu lake litasaidia wengi. Majina tumeyaacha kama kawaida yetu.

Binti yangu haonekani kwenye mfumo

*Mwalimu shikamoo. Mimi ni mama ntilie hapa Sakina. Binti yangu alimaliza fomu foo akapata divisheni foo, kuna kijana akatuletea kipeperushi cha chuo cha afya akasema nafasi zinaisha wiki ile, nikachukua mkopo vikoba nikalipa. Sasaivi yuko mwaka wa pili anasomea uuguzi, wenzie wa vyuo vingine wanaona matokeo yao NACTE yeye haonekani kabisa. Chuo wanasema mfumo unasumbua. Mwaka na nusu mfumo unasumbua tu? Nimsaidieje mwanangu.*

Marahaba mama yangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nimeiweka ya kwanza kwa sababu najua hauko peke yako, kila mwaka msimu wa udahili ukifika vijana wa vipeperushi wanajaa stendi na kwenye masoko na wazazi wanalipa kwanza alafu wanauliza baadae.

Tuanze na hilo jina. NACTE ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 kusimamia elimu ya ufundi, na mwaka 2021 ikaongezewa usimamizi wa mafunzo ya ufundi stadi ambao zamani ulikuwa VETA, ndo maana sasaivi inaitwa NACTVET. Watu bado tunasema NACTE na utaeleweka tu ofisini kwao, usiogope. Hawa ndio wanaosimamia vyuo vyote vya kati vinavyotoa astashahada na diploma, viwe vya afya, kilimo, biashara au uhandisi.

Sasa kuna vitu vitatu ambavyo wazazi wengi wanavichanganya na chuo kisichokuwa na nia njema kinajificha humo humo. Cha kwanza ni usajili wa chuo, yaani chuo kama chuo kinatambulika. Cha pili ni ithibati ya kozi, kwamba ile kozi yenyewe imekubaliwa kufundishwa pale. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali kabisa wa kufundisha famasia alafu kikaanzisha uuguzi bila kibali, ukiuliza mmesajiliwa wanakuonyesha cheti cha usajili ukutani na hawajakudanganya, ila kozi ya mwanao haimo. Cha tatu ni usajili wa mwanafunzi mwenyewe, jina lake linatakiwa lipelekwe Baraza akiingia mwaka wa kwanza na lihakikiwe na vigezo vyake vya fomu foo. Binti yako amekwama kwenye moja ya hizo tatu, kazi yetu ni kujua ipi.

Na mama niseme wazi hii ya tatu kwa upole. Umeandika divisheni foo. Divisheni foo sio kosa, wapo wengi wameingia diploma nayo, lakini kozi za afya zinataka ufaulu wa angalau D kwenye masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima kuwe na ya sayansi kama Kemia na Baiolojia. Kama binti alifaulu Kiswahili, Uraia, Historia na Jiografia basi kwa uuguzi mfumo utamkataa hata chuo kingekuwa safi namna gani, na chuo kililijua hilo siku ya kwanza kilipopokea nakala ya matokeo yake na bado kikachukua hela yako. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana mtoto anakaa darasani anaandika noti, anafanya testi, anavaa yunifomu nyeupe, na Baraza halijui kama yupo.

Fanya ivi. Kesho kutwa usiende chuoni kugombana. Muulize binti akupe namba yake ya usajili ya Baraza, sio ile ya chuo, kama hajui andikeni barua ya heshima kwa mkuu wa chuo mkiomba hiyo namba kwa maandishi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kusanya risiti zote za ada, hata za benki, hata meseji za simu ulizotumia hela. Alafu chukua cheti au matokeo yake ya fomu foo uende nayo ofisi ya kanda ya NACTVET, iko hapa hapa Arusha, huna haja ya kupanda basi la Dar au Dodoma. Waulize maswali matatu yale yale, chuo kipo, kozi ipo, mtoto yupo. Wataangalia kwenye mfumo wakujibu.

Ikionekana kila kitu kiko sawa ila chuo kilichelewesha majina, Baraza ndilo lenye nguvu ya kukibana. Ikionekana kozi haina ithibati au vigezo havikutimia, uliza kama kuna namna ya kuhamia chuo kingine kwenye kozi anayostahili, na ada yako uidai kwa maandishi, wakigoma ni suala la polisi na mahakama kwa sababu kuuza kitu ambacho huna kibali nacho ni utapeli kama utapeli mwingine. Usikubali binti aendelee kulipiwa hata muhula mmoja kabla hujajibiwa. Najua inauma kusimamisha mtoto mwaka wa pili, lakini hata akimaliza miaka yote mitatu bila kutambuliwa Baraza la Uuguzi na Ukunga haliwezi kumpa leseni, na bila leseni hakuna hospitali inayoruhusiwa kumpa mgonjwa amhudumie.

Kwa wengine mnaosoma hapa na mna watoto wanasubiri matokeo: kila mwaka NACTVET wanatoa kitabu cha mwongozo wa udahili, bure, mtandaoni. Kimeandika kila chuo, kila kozi, idadi ya nafasi, vigezo na ada. Chuo kikikutajia ada isiyofanana na ya kwenye kitabu, au kozi haimo humo, funga pochi yako.

Miaka kumi na moja gereji, cheti sina

*Habari mwalimu, mi ni fundi magari Unga Limited, nilianza kushika spana nikiwa dogo darasa la saba tu sikuendelea. Injini naifungua na kuifunga. Kuna kampuni ya utalii inataka mafundi ila wanataka cheti cha VETA. Nikaanze mwaka wa kwanza na watoto wakati nina familia?*

Hapana kaka, huna haja. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa, watu wanaita urasimishaji ujuzi. Unajaza fomu, wanakuja au wanakuita, wanakupima kwa vitendo, unaonyesha kazi yako mbele ya mtathmini na unaulizwa maswali ya usalama kazini, vipimo, usomaji wa michoro na vitu kama ivyo. Palipo na pengo wanakupa mafunzo mafupi ya kuziba, alafu unapimwa na ukifaulu unapewa cheti cha ngazi unayostahili. Hakikisha tu unapouliza unaenda chuo cha VETA chenyewe, hapa Arusha kipo na Moshi kipo, sio mtu wa kati anayekwambia atakuletea cheti kazini bila kupimwa. Cheti cha kuletewa mkononi kitakuja kukutoa kazini siku ya uhakiki na hapo utakuwa umeshazoea mshahara.

Na nikusifu, miaka kumi na moja kwenye injini ni elimu kamili. Ilikosa karatasi tu.

Mtoto kachapwa mpaka kashindwa kukaa

*Mwalimu, niko Kiboriloni Moshi. Mwanangu wa kike darasa la tano kachapwa fimbo kumi na mbili na mwalimu wa kiume kisa hakumaliza hesabu. Nilipoenda shuleni mwalimu akaniambia serikali imeruhusu viboko kama sitaki nimhamishe. Ni kweli imeruhusu? Na nikashtaki wapi bila mtoto kuonewa zaidi?*

Pole mzazi mwenzangu. Mimi nimefundisha miaka mingi na nimewahi kushika fimbo enzi hizo, kwaiyo sitajifanya malaika, lakini alichofanya huyo mwalimu sheria haijaruhusu na alichokwambia ni nusu ya ukweli.

Ni kweli Tanzania haijafuta viboko shuleni. Ila kuna kanuni, zilizotengenezwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na kurekebishwa mwaka 2002, na zinasema ivi: adhabu ya viboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, isizidi viboko vinne kwa mara moja, inatolewa na mkuu wa shule au mwalimu ambaye mkuu amempa ruhusa kwa maandishi, mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike isipokuwa kama shule haina kabisa, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu maalumu na mkuu wa shule anasaini. Sasa pima mwenyewe. Kumi na mbili, mwalimu wa kiume, kosa ni hesabu ambazo hazikuisha. Hapo kuna makosa matatu kwenye tukio moja, na sidhani kama kitabu kiliandikwa.

Cha kwanza kabla ya ofisi yoyote mpeleke mtoto hospitali, na kama ana majeraha chukua PF3 polisi, ile fomu ya matibabu. Usisubiri uvimbe upungue. Alafu nenda kwa mwalimu mkuu, sio yule mwalimu, na omba kwa utulivu kuona kitabu cha adhabu. Hilo swali peke yake litamfanya mkuu ajue kwamba unajua unachoongea.

Kama mkuu anamlinda, panda ngazi, na ngazi ndio hii. Kwanza kamati ya shule, ambayo ina wazazi wenzio ndani yake. Alafu Afisa Elimu Kata. Alafu Afisa Elimu Msingi wa halmashauri, huyu ndiye bosi wa shule zote za msingi za serikali kwa sababu shule hizo ziko chini ya TAMISEMI, ile ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kupitia halmashauri, Wizara ya Elimu yenyewe inatunga sera na kusimamia ubora ila haimwajiri huyo mwalimu wako. Watu wengi wanakosea hapo, wanaandika barua kwa Waziri wa Elimu barua inashuka mpaka halmashauri na miezi imepita.

Na kuna mlango mwingine ambao wazazi hawaujui kabisa, Tume ya Utumishi wa Walimu, ile TSC. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2015 na ina ofisi kila wilaya. Hiyo ndiyo mamlaka ya nidhamu ya walimu wa serikali, inaweza kumpa onyo, kumshusha cheo au hata kumfukuza. Kama shule ni ya binafsi TSC haihusiki, hapo utaenda kwa mwenye shule na kwa wathibiti ubora wa wilaya, wale tuliokuwa tunawaita wakaguzi wa shule, ambao wako chini ya Wizara moja kwa moja na hawapokei amri ya mkurugenzi wa halmashauri.

Kuhusu mtoto kuonewa zaidi, ndio, inatokea, siwezi kukuficha. Dawa yake ni maandishi. Malalamiko ya mdomo ndiyo yanayolipiziwa kimya kimya, malalamiko yenye barua, tarehe, PF3 na nakala kwa ofisi mbili tofauti yanamfanya kila mtu pale shuleni kuwa makini na huyo mtoto. Na mwanao mwambie kwamba hajakosea kukusimulia.

Cheti changu kimeandikwa Credit

*Mambo mwalimu, mi kijana wa Pasua. Nilimaliza fomu foo 2014. Kila nikiomba kazi HR ananiuliza divisheni ngapi nikimwonyesha cheti kimeandikwa Credit anasema hiki sio cha NECTA. Nimeshanyimwa kazi mbili. NECTA wanaweza kunibadilishia cheti kiwe na divisheni?*

Mdogo wangu pole, wewe na wenzio wa mwaka huo mmebeba mzigo ambao hamkuutafuta.

Acha nieleze ilivyokuwa ili umsomee huyo HR. Matokeo ya fomu foo ya 2012 yalipotoka mwanzoni mwa 2013 nchi nzima ililia, wengi sana walipata ziro, serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Baada ya hapo madaraja yakaanza kubadilishwa badilishwa, ikaingia B+, na matokeo ya 2014 yakatolewa kwa GPA, yaani wastani wa alama, badala ya divisheni wani mpaka foo ikawa Distinction, Merit, Credit na Pass. Mwanzoni mwa 2016 Waziri wa Elimu wa wakati huo Profesa Joyce Ndalichako, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa NECTA yenyewe, akaagiza warudi kwenye divisheni. Nyinyi wa 2014 mkabaki katikati na karatasi ambayo kaka zenu hawana na wadogo zenu hawana.

Cheti chako ni halali asilimia mia. Kubadilishiwa kiandikwe divisheni usihangaike, NECTA wanaandika mfumo uliokuwepo mwaka uliofanya mtihani. Kinachowezekana ni mwajiri kuomba uhakiki NECTA, huduma ipo na waajiri wanaitumia sana tangu lile zoezi la vyeti feki la 2017 ambapo watumishi wa umma 9,932 walibainika. Kwaiyo ukiomba kazi tena weka kwenye barua yako sentensi moja tu kwamba umemaliza 2014 mwaka ambao matokeo yalitolewa kwa mfumo wa GPA, na kwamba uko tayari cheti kihakikiwe. HR anayejua kazi yake atanyamaza. Na ukitaka kurudi kusoma, NACTVET na vyuo hawaangalii neno Credit, wanahesabu una D ngapi na kwenye masomo gani.

Digrii ya chuo kisicho chuo kikuu

*Mwalimu mwanangu amepata nafasi ya digrii Chuo cha Uhasibu Arusha pale Njiro, shemeji yangu anasema hiyo digrii sio ya kweli kwa sababu sio university. Roho inaniuma nimeshalipa.*

Shemeji atulie. Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, tume iliyoanza 2005, hao ndio wanaosimamia kina Makumira, Mwenge, Ushirika Moshi na Nelson Mandela. Chuo cha Uhasibu Arusha kiko upande wa NACTVET, na huko elimu inapimwa kwa ngazi za tuzo za ufundi, zile NTA, kuanzia ya 4 mpaka ya 10. Ngazi ya 6 ni diploma, ya 8 ni digrii ya kwanza, ya 9 masters, ya 10 udaktari wa falsafa. Digrii ya ngazi ya 8 ni digrii. Mtakie mwanao masomo mema.

Kasoma Kenya, sasa karudi

*Mwalimu, tuko Tarakea Rombo. Kijana wetu alisomea ng'ambo ya pili tu hapo Kenya akamaliza fomu foo yao. Sasa anataka chuo huku lakini mfumo wa maombi unakataa namba yake ya mtihani.*

Huku kwetu mpakani hili ni la kila siku, Tarakea, Holili, Namanga, watoto wanavuka asubuhi wanarudi jioni. Mfumo unakataa kwa sababu unatambua namba za NECTA tu. Inabidi cheti chake cha KCSE, ile fomu foo ya Kenya, kipelekwe NECTA kwa ajili ya ulinganifu, wanaangalia masomo na madaraja ya kule wanayalinganisha na ya kwetu alafu wanampa barua yenye namba ya ulinganifu, na hiyo namba ndiyo atakayoingiza kwenye maombi badala ya namba ya mtihani. Maombi yanafanyika mtandaoni na malipo ni kwa kontroli namba, sio kwa mtu. Cha muhimu msisubiri dirisha la udahili lifunguliwe ndo muanze, anzeni sasa, na jina la kwenye cheti lifanane na la cheti cha kuzaliwa. Kama Kenya aliandikwa jina la babu na huku ana jina la baba shughulikieni kiapo mapema.

Na tukiwa hapo, kwa wale waliosoma digrii nje ya nchi, hiyo sio NECTA tena, ni TCU.

Ana mtu wake Baraza

*Kuna jamaa hapa Mbauda anasema akipewa laki sita anabadilisha matokeo ya fomu foo kwa sababu ana mtu wake NECTA. Mdogo wangu amekosa D moja tu aende chuo. Nimejaribiwa kweli mwalimu, naomba ushauri kabla sijafanya ujinga.*

Asante kwa kuuliza kabla. Usitoe hata shilingi.

Fikiria tu kazi yenyewe ilivyo. Matokeo yakishatangazwa yako kwenye mtandao wa Baraza na nchi nzima imeyaona, shule ina nakala, halmashauri ina nakala, na NACTVET na TCU mifumo yao inayavuta kutoka NECTA moja kwa moja. Huyo jamaa atakachokupa ni karatasi iliyochapwa vizuri, utaiingiza kwenye maombi na mfumo utaleta yale matokeo ya zamani. Laki sita imeenda, na mdogo wako amebaki na nyaraka ya kughushi mkononi ambayo ni jinai.

Kama mnaamini kweli kuna kosa kwenye usahihishaji, njia ya halali ipo, Baraza linapokea rufaa ya matokeo ndani ya muda mfupi baada ya kutangazwa, kuna ada yake na unapitia shuleni au mtandaoni. Kama muda umepita au matokeo ni sahihi, mdogo wako arudie hilo somo moja tu kama mtahiniwa wa kujitegemea, namba yake itaanza na P badala ya S, na D atakayoipata huko ina thamani ile ile. Harudii masomo yote, hakai darasani miaka miwili. Ile hela tafuta mwalimu mzuri wa tuisheni wa hilo somo, hata nusu yake haitaisha.

Darasa la sita au la saba?

*Shikamoo mwalimu, mimi mzazi wa Usa River. Mwanangu alianza darasa la tatu 2024 na dada yake yuko mbele yake darasa moja. Nimesikia watamaliza pamoja, inawezekanaje?*

Marahaba. Umesikia sahihi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza, la tatu na baadhi ya fomu wani wa mkondo wa amali, yaani wa ufundi, na sera iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025 inasema elimu ya lazima ni miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwaiyo huyo mdogo anamaliza la sita mwaka 2027, na dada yake aliyekuwa la nne 2024 anaendelea na mtaala wa zamani anamaliza la saba mwaka huo huo wa 2027. Wote wawili fomu wani Januari moja. Yunifomu mbili, madaftari mara mbili, na kama unawapeleka bweni basi matranka mawili na magodoro mawili, anza kuweka kidogo kidogo sasaivi.

Umeuliza pia kwenye meseji ya pili kama mdogo ataweza kutumia vitabu vya dada yake. Hapana, mtaala ni tofauti. Vitabu vya mtaala mpya vimeandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ile TIE, ambayo ndiyo inayotunga mitaala, na kwenye maktaba yao ya mtandaoni unaweza kuvisoma bure kwa simu. Kabla hujanunua kitabu chochote cha mtaani pale soko la Kilombero angalia kama kina ithibati yao.

Mjukuu wangu alizaa

*Mwalimu mwanangu, mimi ni bibi wa huku Marangu, anayeandika ni jirani. Mjukuu wangu aliachia shule fomu tuu akapata mtoto, mtoto sasa anatembea. Anataka kurudi shule. Mwenyekiti wa huku anasema akishazaa ndo basi, sheria hairuhusu. Nimekaa naye nyumbani anafuma vitambaa na analia usiku. Kweli ndo basi?*

Shikamoo bibi. Hapana, sio basi.

Mwenyekiti anaongea ya zamani. Novemba 2021 serikali iliondoa katazo hilo na Wizara ya Elimu ikatoa waraka wa kuwaruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali kurudi kwenye mfumo rasmi, wakiwemo waliopata ujauzito. Ni Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021, jirani yako auandike mahali. Mjukuu anaweza kurudi shule yake au kuomba nyingine kama anaona aibu kukutana na wale wale, na hilo la kuona aibu lisichukuliwe kama udhaifu, ni haki yake kuchagua.

Aende nani? Aende yeye na wewe au mama yake kwa mkuu wa shule aliyoacha, na akikataliwa mlangoni msirudi nyumbani, nendeni moja kwa moja kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri ya Moshi na hiyo namba ya waraka. Mbebe cheti chake cha kuzaliwa, namba yake ya mtihani wa darasa la saba, na wa fomu tuu kama aliufanya. Mkipata nafasi ada hakuna, shule za serikali hazitozi ada tangu 2016 kwa msingi mpaka fomu foo, na tangu 2022 mpaka fomu siksi.

Akiona darasa la kawaida halitamuwezekana kwa sababu ya mtoto, kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, wana vituo vya elimu mbadala ambapo wasichana kama yeye wanasoma sekondari kwa muda mfupi zaidi kisha wanafanya mtihani ule ule wa NECTA na cheti ni kile kile. Ofisi ya elimu ya halmashauri itawaambia kituo cha karibu.

Huyo mtoto anayetembea nani atabaki naye asubuhi? Hilo ndilo mkae mlizungumze nyumbani kabla ya kwenda ofisini, maana mkuu wa shule ataliuliza la kwanza, na ukiweza bibi umjibu wewe mwenyewe kwamba utabaki naye.